Je, wajua kwa nini kayaki iliyotulia sana ufukweni ndiyo hukusumbua kwenye mawimbi?

Kaa kwenye kayaki pana, sentimita 60 na ushei, chini bapa, asubuhi Msasani, Dar es Salaam, bahari ikiwa shwari: ni kama umeketi mkekani. Hamia kwenye nyembamba ya sentimita 52, chini mviringo, na kiuno kitaanza kukucheza hata kabla hujashika kafi. Lakini waliobobea huichagua hiyo ya pili.

Sababu ni kwamba kayaki bapa hufuata uso wa maji. Maji yakilala, nayo hulala. Wimbi likija ubavuni na maji yakainama, nayo huinama, na wewe pamoja nayo. Huvumilia hadi kiasi fulani, kisha huachia ghafla ikapinduka. Ile ya mviringo huliacha wimbi lipite chini yake, mradi magoti yako yamebana vizuri kwa ndani na kiuno kimelegea. Utulivu wake unatokana na mpigaji kafi mwenyewe. Mgeni hukakamaa, basi haimfai bado. (Wavuvi wetu walimaliza tatizo hili zamani kwa kuiwekea ngalawa mbao za pembeni. Kayaki haina msaada huo.)

Kugeuka nako ni hivyo hivyo. Kayaki ya zaidi ya mita 5 hunyooka safi ila haipendi kona. Mzoefu huilaza ubavu, omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) zikapunguza kung'ang'ania maji, ikazunguka. Asiyethubutu kuilaza achukue fupi kidogo, yenye ncha zilizoinuka.

Halafu kuna kusi, upepo wa kutoka kusini. Kayaki ikienda, omo hushikwa na maji inayoyapasua, tezi ikabaki huru. Upepo wa ubavuni huisukuma tezi, na chombo kikageukia kule unakotoka upepo. Ukiwa unavuka kwenda kisiwa cha Bongoyo mchana, utapiga kafi upande mmoja mpaka bega liwake. Pezi dogo la kushusha chini ya tezi hupunguza adha hiyo, na kwa bahari yetu mimi nisingenunua kayaki isiyo nalo.

Kabla ya kulipa, vaa jaketi okozi, iingize kayaki kwenye maji ya kiunoni na uilaze polepole. Ukihisi inakupinga, na ukaweza kuirudisha kwa nyonga, mnaendana. Ikipinduka bila kukuonya, tafuta pana zaidi. Nenda na mizigo yako pia: mtu mwepesi kwenye kayaki kubwa tupu huelea juu mno, na upepo humchezea anavyotaka.