Nakala ya kujifunzia ni nini katika uchoraji wa rangi za mafuta?

Nakala ya kujifunzia ni picha unayoichora huku ukitazama kazi ya fundi aliyekutangulia, ili uujue mkono wake. Huko si kughushi. Anayeghushi anataka mtu adanganyike; anayejifunza hana haja hata ya kufananisha sana. Makumbusho ya Louvre, Paris, yaliyofunguliwa mwaka 1793, bado yanapokea wachoraji wa kunakili, ila nakala lazima iwe kubwa au ndogo kuliko picha yenyewe, na saini haiigwi.

Kwa anayetafuta uchoraji wenye hisia, ule ambao alama za brashi zinaachwa zionekane na rangi ndiyo inayosema, sijaona shule nzuri kuliko picha za maisha ya kila siku za ulimbwende, mkondo wa sanaa ulioshamiri Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Chukua "Wanawake wa Algiers" ya mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix, ya mwaka 1834, aliyoichora baada ya safari yake ya Afrika Kaskazini mwaka 1832. Humo hamna vita wala mfalme. Wanawake watatu wamekaa chumbani, kiko cha maji kipo kati yao, mtumishi anaondoka. Hakuna kisa cha kusimulia, kwa hiyo kinachokushika ni rangi tupu.

Mtazame yule aliyeegemea upande wa kushoto. Kizibao chake ni cha rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, na bitana inayochungulia ukingoni ni ya buluu yenye ukijani. Hizo ni rangi kinzani: zikikaa bega kwa bega, kila moja humwasha mwenzake. Mimi nilichanganya chungwa mara tatu, nikalikwangua mara tatu kwa kisu, kila mara naliona limefifia. Mara ya nne nikaliacha lilivyo, nikapitisha buluu pembeni yake. Chungwa lilelile likawaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachonakiliwa ni uhusiano wa rangi na jirani yake, na uhusiano huo huwezi kuuona kwenye ubao wa kuchanganyia.

Ndiyo maana hatuanzi na nyuso. Paka kanvasi nzima rangi ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini, finya kidogo macho mpaka picha ya fundi ibaki mabaka ya giza na mwanga, kisha weka mabaka hayo kwa brashi pana. Tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mafuta zaidi. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama nguo kambani. Mafuta yake hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, polepole. Ukiweka rangi yenye mafuta mengi chini na yenye mafuta machache juu, ya juu itatangulia kukauka, kisha ipasuke.

Mpako mzito, ule unaosimama juu ya kanvasi, uhifadhiwe kwa mahali panapopigwa na mwanga. Vivuli viwe vyepesi. Mgeni wa rangi hupaka unene uleule kila mahali, na picha inakufa hata kama kila mstari umekaa sawa.

Basi hisia inaingia wapi, kama unafuata kazi ya mwingine? Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alijibu kwa vitendo. Akiwa Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, kati ya 1889 na 1890, alinakili picha za Delacroix na za mchoraji mwingine Mfaransa, Millet, kutoka kwenye chapa zisizo na rangi, hivyo rangi zote ikabidi azitoe moyoni mwake. Yeye mwenyewe alijilinganisha na mwanamuziki anayepiga utunzi wa mwenzake. Jaribu hivyo na wewe: ukimaliza nakala ya kwanza, igeuze iangalie ukuta, ondoa na picha ya fundi, uchore ya pili kwa kumbukumbu. Mpako utakaourudia bila kuutazama ndio ulioingia mkononi.