Unatafuta mtoto? Anza foliki kabla hujakosa siku zako

Kina dada wengi, na siku hizi hata wanaume, wanafika dirishani kwetu famasi wanasema "naomba zile vitamini za mjamzito, zile nzuri". Ukiuliza mimba ina muda gani unaambiwa hapana bado, ndio tunatafuta. Huyo mimi namfurahia sana maana kaja wakati wake. Wenzake wengi tunaonana nao wakiwa na miezi minne mpaka mitano, tumbo limeshaonekana, ndio anafungua kadi ya kliniki, anapewa vidonge vya kuongeza damu na anaamini kazi imeanza hapo. Kwa upande wa damu sawa. Kwa upande wa foliki (folic acid, vitamini inayosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kujiunda vizuri), ile kazi kubwa tunayoitegemea imeshapitwa na muda zamani tu.

Hebu tupige hesabu ya tarehe. Mwanamke mzunguko wake ni siku 28, hedhi imeanza tarehe 1 Machi, mimba inatungwa kama tarehe 15 hivi, hedhi nyingine ilitakiwa ije tarehe 29 na haikuja. Hapo wengi hawashtuki, anasema labda ni mawazo, labda ni zile dawa nilizokunywa, anasubiri wiki mbili ndio ananunua kipimo cha mkojo anaona mistari miwili, leo ni tarehe 12 Aprili. Sasa tarehe hiyohiyo ndio siku ya 28 tangu mimba itungwe, na kufikia hapo ule mrija mdogo unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unakuwa umeshajifunga. Kama ulijifunga vizuri, alhamdulillah. Kama kuna sehemu iliachia, hakuna kidonge kitakachorudi nyuma kuifunga.

Ukiachia upande wa chini ndio tunapata mgongo wazi, na wengi wa watoto hawa maji yanajaa kichwani, kichwa kinakuwa kikubwa. Ukiachia juu, ubongo na fuvu havikui inavyotakiwa na mtoto hawezi kuishi. Mtaani bado utasikia eti mama kalaaniwa, karogwa, alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Huo ni uzushi unaoumiza kina mama ambao tayari wana mzigo, na mbaya zaidi unafanya mtoto afichwe ndani wakati alitakiwa awe hospitali, maana upasuaji upo, hapa Tanzania Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wanaufanya, na mtoto akiwahishwa matokeo yanakuwa bora.

Foliki haizuii kila kitu, hilo niliseme mapema ili mama aliyetumia vizuri na bado ikatokea asijilaumu. Ila inazuia sehemu kubwa. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliotoka 1991, uliohusisha nchi 7, ulichukua wanawake ambao walishawahi kupata mimba yenye tatizo hili, wakapewa miligramu 4 kila siku tangu kabla ya mimba, na tatizo kujirudia likapungua kwa asilimia 72. Tangu hapo mjadala wa kama inafanya kazi uliisha, ukabaki wa kuhakikisha inawafikia watu kwa wakati.

Kiasi cha mwanamke wa kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani, kuanzia unapoanza kutafuta mimba mpaka wiki ya 12. Mimi nakwambia anza miezi miwili mitatu kabla, mwezi mmoja ndio iwe mwisho. Na kama wewe ni wa "ikija ije", hutumii njia yoyote ya uzazi wa mpango wala hupangi chochote, basi hesabu kwamba unatafuta, anza leo.

Sasa hapa dirishani ndio watu wanapojichanganya. Mikrogramu 400 ni sawa na miligramu 0.4, pakiti zingine zinaandika hivi zingine vile, mtu akiona 0.4 anadhani ni kidogo akiona 400 anadhani ni nyingi, kumbe ni kitu kilekile. Alafu kuna vile vidonge vidogo vya njano vinavyohesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, unawekewa kwenye bahasha ya dawa, juu wanaandika 1x1 basi umemaliza. Vile mara nyingi ni miligramu 5, yaani mara 12 na nusu ya kile unachohitaji. Sio sumu, ila sio dozi yako kama huna sababu maalum, kwahiyo usiondoke na bahasha ambayo haijaandikwa ni miligramu ngapi, uliza, mwambie aandike, ni haki yako.

Sababu maalum ni zipi? Uliwahi kupata mimba au mtoto mwenye mgongo wazi, wewe au mwenzako ana tatizo hilo, una kisukari, una selimundu, au unatumia dawa za kifafa. Hawa daktari ndio anaweza kuwaandikia dozi kubwa ya miligramu 4 au 5. Wa kifafa nawasemea pembeni kidogo: dawa ya sodium valproate inaongeza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro, na foliki peke yake haifuti hiyo hatari, kwahiyo nenda ukaongee na daktari KABLA hujaanza kutafuta, uone kama unabadilishiwa. Ila usiache mwenyewe ghafla, degedege la kuanguka nalo linaua. Na dada zangu mnaotumia ARV zenye dolutegravir, ule wasiwasi ulioanzia Botswana mwaka 2018, kwamba inaleta mgongo wazi, ulifuatiliwa, takwimu zilivyoongezeka haukuthibitika, endeleeni na dawa zenu.

Kuna jambo lingine la dozi kubwa ambalo sisi wa nchi za malaria linatuhusu kabisa. Mjamzito kuanzia miezi mitatu ikishapita anapewa SP, dawa ya kuzuia malaria, kliniki, anameza palepale mbele ya nesi. SP inaua vimelea kwa kuvinyima foliki, sasa wewe ukiwa unameza miligramu 5 kila siku unavipelekea chakula na dawa inakosa nguvu. Mikrogramu 400 haina shida hiyo. Kama uliandikiwa zile 5 kwa sababu yoyote, mwambie nesi kabla hujameza SP, usikae kimya.

Tuje kwenye maboksi ya vitamini zenye picha ya mama anacheka, maana hapo ndipo hela zinapopotea. Geuza boksi nyuma. Cha kwanza angalia foliki, iko 400? Ikiwa ipo, boksi la bei rahisi na la bei ya kutisha yanafanya kazi ileile kwa hili tunaloliongelea. Kama huna hela ya boksi, vidonge vya foliki pekee vya 400 vinatosha kabla ya mimba, mengine utaongeza na chakula. Cha pili angalia vitamini A. Kama ni betakarotini haina tabu, kama ni retinoli (vitamini A iliyo tayari) isizidi yuniti 10,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote, kwa sababu ikizidi inaharibu mtoto. Ndio maana sipendi kuona mtu anachanganya multivitamini mbili pamoja na mafuta ya ini la samaki, alafu na maini kila siku eti aongeze damu. Maini mara mojamoja sawa, ila ukishaanza kutafuta usiyageuze kuwa dawa.

Siku hizi pia kuna matangazo ya methilifoleti, aina nyingine ya foliki, wanakwambia foliki ya kawaida mwili wa wengine hauwezi kuitumia. Ushahidi wa kuzuia mgongo wazi umejengwa kwenye foliki ya kawaida, na hata wenye ile tofauti ya jeni ya kurithi wanayoitaja wanaitumia vizuri. Bei yake ni kubwa mno kwa faida ambayo haijaonyeshwa.

Madini chuma ni habari ya kupima kwanza. Pima wingi wa damu, kama iko chini utibiwe kabla, ni bora kuliko kupambana nayo ukiwa na miezi saba. Vidonge vya damu usimeze na chai, hata ile ya rangi, pishanisha saa moja au mawili. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na kama unakula udongo, ule wa kuuzwa sokoni, ujue unaweza kuzuia madini kufyonzwa na una uchafu wake, niambie tu ukija, hakuna atakayekucheka.

Mtu atauliza, mchicha wangu je? Mchicha, maharage, choroko, dengu, machungwa na parachichi vyote vina foleti, yaani foliki ya asili ya kwenye chakula, kula sana. Shida ni mapishi yetu, tunachemsha mboga mpaka inalia, alafu maji tunamwaga, na foleti ndio imeondoka humo, haipendi moto wala maji mengi. Na hata ikibaki, ya kwenye chakula inafyonzwa chini ya ile ya kidonge. Tanzania kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi zilitoka 2011, lakini familia nyingi zinakula unga wa mashine ya mtaani ambako mahindi yanaingia na unga unatoka vilevile, hakuna kilichoongezwa. Kwahiyo kidonge bado unakihitaji.

Mengine haraka haraka. Foliki haileti mapacha. Sio dawa ya kushikisha mimba, ukimeza mwezi mmoja usikasirike ukiona hedhi, endelea. Wale wanaouza kwenye status vidonge vya "kusafisha kizazi" na foliki juu yake kama ofa, kizazi hakisafishwi kwa kidonge, hela hiyo peleka ukapime. Na mume, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2020 uliwapa wanaume foliki na zinki, watoto waliozaliwa hawakuongezeka, kwahiyo yeye apunguze sigara na pombe, boksi amuachie mkewe.

Ukisahau siku moja, kesho meza kimoja tu, usirundike viwili. Ukishashika mimba wahi kliniki kabla ya wiki 12 usisubiri tumbo. Kama mmetafuta mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita na wewe umevuka miaka 35, njooni wawili, maana kupima mwanamke peke yake ni kupima nusu ya tatizo. Na ukija beba kila unachotumia, pakiti, kopo, bahasha yenye 1x1, hata ile chupa ya maji uliyowekewa dawa ya mizizi, tuiangalie pamoja hapo mezani.