Nunda Hana Pembe

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu mzima, msomi na mwenye nia njema, kwa nini sisi wachoraji wa katuni tunawaharibia watu ngano za wazee. Hoja yake ni ile ile ninayoisikia kila ninapopanga vitabu mezani hapa Mjini Unguja: kwamba hadithi ikisimuliwa kwa mdomo msikilizaji hujichorea mwenyewe jini, zimwi na jumba la sultani, lakini ikishachorwa kazi hiyo imekwisha kufanywa, na msomaji hana la kufanya ila kupokea. Kisha huja hoja ya pili, kwamba vitabu vya picha basi ni vya watoto wasiojua kusoma. Hiyo ya pili siijibu, maana wanaoitoa ndio hao hao wanaosimama mezani kwangu robo saa wakifunua kurasa. Ya kwanza ndiyo inayoniudhi, kwa kuwa ndani yake mna chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake.

Tuichukue hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka vinywani mwa wasimulizi wa hapa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Sultani ana paka. Paka anakamata ndama, watu wanashitaki, na sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Mambo yanaendelea hivyo hivyo, kutoka ndama mpaka ngamia, kutoka ngamia mpaka watu, na jibu halibadiliki, mpaka siku paka anapowala baadhi ya wana wa sultani mwenyewe. Hapo tu ndipo baba mtu anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda, mnyama mla watu.

Sasa nenda ukatazame nunda anavyochorwa na vijana wengi wanaoanza kazi hii. Ana pembe. Ana magamba. Ana meno yaliyotoka nje kama visu na macho mekundu yanayotoa moshi, na mara nyingine amepewa mabawa, sijui ya nini. Wino umemwagika hapo, na mkono wa mchoraji ni hodari, sikatai. Lakini hadithi imekufa, kwa sababu mnyama huyu hakutoka popote, na sultani aliyemtetea mnyama mwenye pembe tangu siku ya kwanza si mtu aliyepofushwa na mapenzi ya kitu chake, bali ni mpumbavu tu. Msimulizi alitupa alama chache za kumtambua nunda: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa kama ya ngawa, mkia mnene. Hizo zote ni alama za paka aliyepita kiasi. Kitisho cha ngano hii ni kwamba nunda alilelewa nyumbani.

Kwa hiyo mimi huanza na paka wa kawaida, amelala juu ya busati, kidevu kimeegemea mguu wa mbele. Kurasa mbili mbele namchora tena katika mlalo ule ule, fremu (kisanduku cha picha) ile ile, ila busati halimtoshi. Baadaye ukumbi haumtoshi. Katika viputo vya sultani, yaani vile viduara vya maneno yanayotoka kinywani mwake, maneno hayabadiliki hata kidogo: paka ni wangu. Hapo macho ya msomaji yanaona jambo moja na kiputo kinamwambia jingine, naye ndiye anayepaswa kuamua amwamini nani na tangu fremu ya ngapi. Nani basi aliyesema kwamba msomaji huyu hafikiri? Picha inayorudia yale ambayo maneno yamekwisha kuyasema ndiyo inayomlaza msomaji, na picha za namna hiyo ni nyingi, na lawama zake ni halali. Lakini ubaya wa picha mbovu haugeuki kuwa kasoro ya picha zote, kama vile ngoma mbovu haiharamishi ngoma.

Madoa yenyewe nayachukua kwa chui wa Unguja. Yule aliyejazwa na kuwekwa makumbusho hapa Mjini ana madoa madogo yaliyomeguka-meguka, tofauti na ya chui wa bara, na kwa mbali mwili wake huonekana kama umenyunyiziwa vumbi. Tena ni mnyama ambaye watu wa shamba wamesema miaka mingi kwamba wachawi humfuga na kumtuma. Mchoraji anayeacha hazina hiyo akaenda kutafuta zimwi lake katika michezo ya kompyuta ananishangaza. Vivyo hivyo jumba: sultani wa ngano yetu hana haja ya kuba za Baghdad zilizoonwa sinemani, wakati mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba na baraza mbele yake upo hapo mtaani, na kanga ya mama mtu ina mji, ile sehemu ya katikati, na pindo zinazochoreka.

Tuje kwenye fremu. Wengi husoma viputo tu, wakiruka kutoka kimoja hadi kingine, kisha hufunga kitabu na kulalamika kwamba kimeisha upesi. Nafasi nyeupe kati ya fremu mbili ndiyo iliyobeba tendo lenyewe: katika fremu ya kwanza bunduki imeelekezwa, katika ya pili ndege wameruka mtini, na risasi ameifyatua msomaji. Halafu kuna kufunua ukurasa. Jambo la kushtua huwekwa juu ya ukurasa wa kushoto, baada ya kufunua, na swali lake huachwa chini ya ule wa kulia. Kwenye simu mpangilio huu wote huvurugika, kwa kuwa kidole kinateremsha tu na hakuna cha kufunua, na dawa yake sina. Ushauri wangu kwa anayetaka kufaidi ni kukisoma kitabu mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, na mara ya pili bila kusoma neno hata moja.

Ile chembe ya ukweli sasa. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, hofu ya Popobawa, jini aliyesemwa huwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, na watu walilala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto. Waliosimulia walitaja kivuli, uzito juu ya kifua, harufu, kitu kinachojigeuza. Leo ukimtafuta kwenye intaneti utaletewa dude lenye jicho moja katikati ya paji la uso na mabawa ya ngozi, lililochorwa na watu wengi ambao Pemba hawajaiona hata kwenye ramani, na nimekutana na vijana wa hapa hapa wanaonieleza kwa uhakika kwamba Popobawa ana jicho moja. Hapo picha imeila simulizi kweli. Mimi nikimgusa huchora waliolala uani, mikeka iliyosogezwa ikagusana, na mtu mmoja aliyekaa kitako akitazama juu ya fremu, mahali ambapo karatasi imekwisha. Kuna wenzangu wanaosema huo ni woga wa mchoraji uliopewa jina la heshima, na sina hakika kwamba wamekosea.

Shaka yangu kubwa zaidi iko kwingine. Mwana wa mwisho wa Majnuni anapokwenda kumsaka nunda, kila anapoua mnyama humburura hadi nyumbani na kumwimbia mama yake kwamba amemuua nunda mla watu, na mama humjibu kwa wimbo kwamba siye. Mbwa, siye. Ngawa, siye. Punda milia, twiga, kifaru, ndovu, wote sio. Anayesimulia huimba swali na watoto huitikia jibu, na wakifika kwa ndovu nyumba nzima inapiga kelele. Nimemchora mama katika mlango ule ule kila mara, mkono kwenye kizingiti, huku mnyama akikua mpaka fremu inamkata kichwa na miguu, na kwa macho nadhani inafaa. Wimbo ndio ulionishinda. Ndani ya kiputo unakuwa mazungumzo ya watu wawili. Nje ya kiputo, chini ya ukurasa, unakuwa maandishi ambayo mtu mzima huyapita bila kuyatazama. Katika toleo ninalolichora sasa nimeliandika swali na kuacha mahali pa jibu wazi, na mchapaji ameshanipigia simu mara mbili kuniuliza kama nimesahau maneno.