Kwa nini mkuu wa mkoa China aliwaandikia mamba ilani?

Mwaka 819, mkuu mpya wa mkoa wa Chaozhou, kusini mwa China, aliwapa mamba siku tatu wawe wamehama. Tatu zisipotosha, tano. Tano zisipotosha, saba. Wakikaidi, watapigwa mishale ya sumu. Ilani ilisomwa mtoni, baada ya ofisa wake kuwatupia mamba nguruwe mmoja na mbuzi mmoja, na maandishi yake yapo hadi leo.

Aliyeiandika, Han Yu, hakuwa punguani. Alikuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa enzi ya Tang, akafukuzwa mji mkuu, Chang'an, kwa kumkosoa Mfalme Xianzong aliyekuwa amepokea kwa shangwe mfupa uliosemekana kuwa wa Buddha. Aliponea chupuchupu kuuawa. Alipofika Chaozhou akawauliza wananchi kero zao, wakamwambia mamba wanawamalizia mifugo.

Sasa kwa nini asianze na mishale? Jibu limo kwenye ilani yenyewe. Han Yu anakubali kwamba zamani, wafalme dhaifu walipoitelekeza pwani hiyo ya mbali, mamba kuzaliana hapo lilikuwa jambo la kawaida. Lakini sasa Chaozhou ni mkoa: una mkuu aliyetumwa na mfalme, una maofisa wa wilaya, na kodi yake inagharimia matambiko ya mbingu na ardhi. Mamba na mkuu wa mkoa hawawezi kukaa pamoja. Bahari iko kusini, ina nafasi ya nyangumi mpaka kamba na kaa. Mamba akiondoka asubuhi, jioni kafika.

Kwa fikra za wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya ofisi kabisa. Mkuu wa mkoa alibeba amri ya mfalme, nayo iliwafikia hata mizimu na wanyama. Nashuku pia ilani ililengwa isomwe Chang'an. Miezi michache tu, Han Yu akahamishiwa Yuanzhou, karibu zaidi na mji mkuu.

Historia rasmi ya Tang inadai dhoruba ilivuma usiku uleule, maji yakakauka, mamba wakahama. Ila miaka kama 180 baadaye ofisa mwingine wa Chaozhou, Chen Yaozuo, alimnasa mamba aliyemla kijana, akamsomea makosa yake na kumuua sokoni hadharani. Na mwaka 2022 wanasayansi walitangaza spishi ya mamba mwenye pua ndefu nyembamba, aliyekwisha kutoweka, kutokana na mifupa ya Guangdong, jimbo ambalo Chaozhou imo. Mingine ina alama za kukatwa kwa silaha. Wamemwita Hanyusuchus, kwa jina la Han Yu.