Mafua yaleyale, nakala mbili mbovu

Nikisikia mtu akisema "mafua ya mwaka huu ni makali", humkumbuka mtoto mmoja wa kike nchini Ufaransa. Mwaka 2011, akiwa na miaka miwili na nusu, alipata mafua ya H1N1, aina mojawapo ya virusi vya mafua, yaleyale ambayo watoto wengine waliugua siku chache wakapona. Yeye alishindwa kupumua hata akawa mahututi.

Maelezo yalitoka mwaka 2015. Nakala zake zote mbili za jeni iitwayo IRF7 zilikuwa mbovu. Jeni nyingi tunazo mbilimbili, moja ya baba na moja ya mama. Baba yake alikuwa na nakala moja mbovu na moja nzima. Mama vivyo hivyo, ila kasoro zao hazikufanana. Wazazi wenyewe hawakuwa na tatizo, maana nakala moja nzima inatosha kazi. Mtoto akarithi mbovu pande zote mbili.

Kazi yenyewe ni ipi? Seli ikivamiwa na virusi hutoa interferoni, protini inayozitahadharisha seli jirani zijikinge mapema. Isaacs na Lindenmann waliigundua mwaka 1957 huko London, wakichunguza virusi vya mafua hivihivi. IRF7 ndiyo inayokuza sauti ya kengele hiyo. Ikikosekana, kengele inalia, lakini kwa mbali mno, na virusi vinazaliana kabla majirani hawajastuka.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika kisa hiki ni kwamba mtoto yule alipoanza kuchanjwa kila mwaka, mafua hayakumrudia kwa ukali ule. Kingamwili za chanjo haziisubiri kengele.

UVIKO-19 ulipoingia, watafiti walipekua jeni zinazohusika na kengele hiyohiyo ya interferoni kwa wagonjwa mahututi 659. Wakakuta kasoro kwa 23, yaani asilimia 3.5. Ni wachache, lakini wamo watu wazima ambao hapo awali hawakujua kama wana upungufu wowote.

Hizo ni kasoro adimu zenye nguvu. Zipo pia tofauti za kawaida, zenye nguvu ndogo, na hapa ndipo watu huteleza. Kipande kimoja cha kromosomu ya 3 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni), kilichorithiwa kwa Waneanderthali, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, huongeza hatari ya UVIKO-19 mkali. Kinabebwa na takribani nusu ya watu wa Asia Kusini na asilimia 16 ya Wazungu, ilhali Afrika karibu hakipo. Nimeshaulizwa mara nyingi: basi Waafrika wana kinga? Hapana. Kukosa kipande kimoja cha hatari hakukupi kinga, na umri wa mgonjwa una uzito zaidi kuliko kipande hicho.

Kwa hiyo mtu akiniletea majibu ya kipimo cha vinasaba alichonunua mtandaoni, huyaweka kando kwanza. Nikitafuta dalili ya kasoro adimu kama ya mtoto yule, namuuliza kama kuna ndugu yake, hasa mtoto au kijana asiye na maradhi mengine, aliyewahi kulazwa mahututi kwa virusi vya kawaida.