Slipingi begi yako inafia kwa stoo

Kila mwaka likizo ya Agosti ikikaribia watu wanakuja kwa dirisha la stoo yetu na lalamiko lile lile, ati hii slipingi begi ilikuwa na joto sana ile safari ya Mlima Elgon, lakini sasa nikilala nayo hata hapa tu Menengai natetemeka kama kifaranga amenyeshewa, itakuwa niliuziwa feki. Mimi huuliza swali moja: tangu ile safari ilikuwa wapi? Jibu linakuja bila aibu yoyote, ilikuwa imeshindiliwa kwa kale kafuko kake kadogo ka safari, juu ya kabati. Basi si feki, umeiua mwenyewe.

Kazi yangu ni kutunza vifaa vya safari kwenye chuo kimoja hapa Nakuru, na leo naongea na wazazi, walimu wa skauti na vijana wa kupanda mlima, juu ya hizi begi za faiba na zile kwilti za kambi, yaani duveti nyepesi za kulalia nje.

Kwanza tuelewane hapa. Begi haina joto. Joto ni lako, la mwili wako, begi inashikilia tu hewa isitembee. Watu husema ndani kuna pamba lakini pamba haimo, ni poliesta, ndugu ya ile faiba ya mito, nyuzi nyembamba zilizopindwapindwa kama springi ili zisukumane na kuacha nafasi ya hewa katikati. Kampuni ya nyuzi ya Marekani ilitengeneza faiba ya aina hii, PrimaLoft, miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi lao, kwa sababu manyoya ya bata yakilowa yanashikana mabonge na joto linaisha, faiba nayo hata ikipata unyevu inajaribu. Lakini manyoya yana ubora mmoja, ukiyakandamiza yanarudi vizuri. Faiba ukiikandamiza siku tano za safari sawa, ukiikandamiza miezi minane springi zinavunjika mgongo na hazirudi tena, ni kama godoro la mzee wa boma, unaona kabisa babu hulala upande gani.

Na joto linaongeza uharibifu. Mnajua suruali ya poliesta ukiikunja ukaipiga pasi ule mstari unakaa? Sasa fikiria begi iliyobanwa kwa buti ya gari mchana wa Kisumu, au juu ya dari ya stoo ya mabati. Unaipiga pasi polepole.

Mwaka jana kijana mmoja alileta yake, imeandikwa inafaa mpaka baridi ya digrii sifuri. Niliingiza tochi ndani tukazima taa. Sehemu za kifuani zilikuwa giza zuri, lakini miguuni na mgongoni mwanga ulipita kwa mabaka makubwa kama ramani, pale faiba imehama au imekufa na kimebaki kitambaa juu ya kitambaa. Kijana akanyamaza. Ile nambari ya lebo, kama imepimwa kwa ISO 23537, kile kiwango cha kimataifa cha slipingi begi, ilipimwa kwa sanamu linalopashwa joto likalazwa ndani ya begi mpya, sio ndani ya begi iliyokaa miaka mitatu imefungwa kama sambusa.

Sasa ihifadhi aje? Itoe kwa kafuko siku hiyo hiyo umefika nyumbani, hata kama umechoka, itandaze mpaka ikauke kabisa, halafu iweke kwa mfuko mkubwa wa kitambaa, foronya ya duveti ni sawa kabisa, au itundike kwa hanga, au ilaze chini ya kitanda bila kitu juu yake. Usiifunge kwa nailoni isiyopitisha hewa, hasa nyinyi wa kando ya ziwa na wa Kakamega kwenye mvua isiyoisha, ukungu utaanza na ile harufu haitoki hata ufue mara tatu. Nondo hawali poliesta lakini panya hawana habari na hiyo, makombo ya mandazi mfukoni yanatosha, na faiba kwao ni kitanda tayari. Sisi tumeweka paka.

Kuikunja pia kuna namna. Ukikunja kwenye mistari ile ile kila siku utaikata faiba pale pale, kwa hivyo safarini we ishindilie tu ovyo ovyo ukianzia miguuni. Kwilti ndiyo huumia zaidi kwa kukunjwa kwa sababu inafanana na blanketi na mikono yetu imezoea, tena ulegeze ile kamba ya miguuni isikae imevutwa mwaka mzima. Na kwilti haina mgongo kwa makusudi, faiba unayoilalia inabanwa haishiki hewa, kazi ya chini ni ya godoro, kwa hivyo usiilaumu kama ulilala kwa turubai tu.

Kufua, mara moja kwa mwaka inatosha kama unalala na leso ndani. Besheni kubwa, maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo, usiweke blichi wala ile ya kulainisha nguo, suuza mpaka povu liishe. Usikamue kwa kunyonga. Hapa nikiri kosa langu, nilishika begi iliyojaa maji kwa ncha moja nikaitupa juu ya seng'enge, uzito ukakata nyuzi za mshono ndani na faiba yote ikashuka miguuni kama soksi imejaa mchanga. Ibebeni watu wawili kwa chini kama mgonjwa, muianike kivulini, Julai ya hapa itachukua siku mbili au zaidi. Shika kona ya miguuni, ikiwa na ubaridi wa unyevu bado haijakauka. Na usiipeleke kando ya moto, cheche moja inayeyusha tundu. Zipu ikigoma isugue na kipande cha mshumaa.

Ukinunua mitumba, iwe soko la Kibuye ama kwingine, ifinye kwa ngumi, achia, uangalie. Ikiinuka polepole mpaka juu, chukua. Ikibaki na alama ya vidole, hata kwa mia mbili iache, kwa sababu hakuna kufua kutakakoirudisha, na mlima wenyewe hautakuonea huruma, kilele cha Koitobos pale Elgon ni mita 4,222 na usiku barafu inashika nyasi.

Ile ya yule kijana tulimpa paka wa stoo. Alilala juu yake wiki moja, Julai ilipoingia akahamia kwa boksi.