Mstaafu mwenye kipato cha pembeni: ritani ipo au haipo?

Wastaafu wa huku kwetu Mtwara huniuliza hivi: "Mwanangu, na haka kadogo ninakopata nako nikakatolee ritani?" Ritani ni taarifa ya mapato ya mwaka unayoipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Udogo una maana yake, lakini mimi huanza kwa kuuliza fedha hiyo imemfikiaje. Ipo inayofika ikiwa imeshakatwa kodi, na ipo inayofika mbichi. Pensheni naiweka kando. Leo ni vya pembeni tu.

Chukua fremu ya Masasi mjini iliyopangwa na kampuni. Kampuni inakata 10% ya pango na kuipeleka TRA, mzee anapokea iliyobaki. Kwa mtu binafsi ambaye kupangisha si biashara yake, hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Mdai mpangaji hati ya zuio, yaani karatasi inayoonyesha kodi aliyokata, uitunze pamoja na mkataba. Gawio la hisa za CRDB au NMB nalo limekatwa 5% kabla hujaliona, na riba ya akiba benki 10%. Mwenye hayo peke yake hana ritani ya kuhangaikia, labda Kamishna amwandikie barua ya kuitaka.

Duka ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sheria haiangalii faida, inaangalia mauzo ya mwaka mzima. Mama mwenye kiduka Tandahimba anauza sana msimu wa korosho, miezi mingine duka linapumua tu, naye anaapa kwamba hapati kitu. Lakini akiuza wastani wa 15,000 kwa siku, siku 300, hiyo ni 4,500,000. Kikomo cha kusamehewa ni mauzo ya milioni 4. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, asiye na kumbukumbu za mauzo anatozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu anatozwa 3% ya kilichozidi milioni 4, yaani 15,000. Tofauti ya 85,000 kwa sababu ya daftari! Na kwenye utaratibu huu hadaiwi mahesabu ya mkaguzi. Anakwenda kukadiriwa mapema mwakani, kabla ya tarehe 31 Machi, na analipa kwa awamu nne.

Sasa mwalimu mstaafu anayefundisha tuisheni nyumbani kwake Ligula anadhani naye yumo humo. Hayumo. Huduma za mafunzo na za kitaalamu zimetolewa kwenye utaratibu huo wa mauzo, kwa hiyo yeye anahesabiwa kwa faida. Faida yake ya mwaka isipozidi 3,240,000, na hana kipato kingine cha kujumlisha, hana kodi ya kulipa, na asiye na kodi ya kulipa halazimiki kuleta ritani mpaka aombwe. Ikizidi, ritani inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha: 30 Juni. Akiajiriwa kwa mkataba na shule moja tu, mwajiri anamkata PAYE, yaani kodi ya mshahara, na ritani haimhusu. Shule mbili kwa wakati mmoja, aje tuzungumze.

Kinachonisumbua zaidi kuliko vyote ni TIN (namba za mlipakodi) za biashara zilizosahaulika. Mzee alifungua duka, likafa, akabaki na TIN inayosomeka hai, na mfumo wa TRA unaendelea kusubiri ritani yake kila mwaka huku adhabu zikijikusanya. TIN ya leseni ya udereva au ya kusajili pikipiki haina tatizo hilo, kwa kuwa si ya biashara. Duka likifungwa, andika barua TRA mwezi huohuo, taja tarehe uliyofunga, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.